Naomba ushauri: mafuta ya injini ya ndege ya modeli hapa Nakuru

Habarini wakuu. Nina injini ya .40 (ujazo wa inchi 0.40 za ujazo) ya plagi ya glo, yaani plagi yenye waya unaobaki wa moto badala ya kutoa cheche, ile inayotumia methanoli. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Nikifungua sindano ya kabureta, ile ya kurekebisha mafuta yanayoingia, kama kijitabu kinavyosema, injini inakohoa, moshi mzito, na bawa lote linalowa mafuta. Nikiibana kidogo inatulia, ila ndege bado ni nzito kupaa.

Swali langu kubwa ni nitromethani (nitro), kemikali inayochanganywa kwenye methanoli kuongeza nguvu. Najua inabeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo nafikiri asilimia 15 itanifaa kuliko 5. Lakini bei! Kuna anayerusha huku juu, Eldoret au Nakuru, bila nitro kabisa, methanoli 80 kwa mafuta ya mbarika 20? Plagi inadumu? Injini haizimi ukipunguza mwendo?

Pia, mafuta ya mbarika ya duka la dawa yanafaa, au nichanganye na oili ya sintetiki? Pistoni yangu ni ya chuma, sitaki iungue.

Aliye Kisumu anieleze pia anavyozuia methanoli kunyonya unyevu wa ziwa.