Naomba ushauri: Wageni kumi na wawili kwenye mashindano ya boti za matanga, niwaweke majini au nchi kavu?

BintiTanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ofisi yangu imenipa kazi ambayo sikuiomba. Mwakani natakiwa kuwapeleka wageni kumi na wawili, yaani wateja wetu wakubwa na wenza wao, kwenye mashindano ya boti za matanga, niwe mwenyeji wao kwa siku mbili, na warudi makwao wakiwa na la kusimulia. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua tanga wala foromali. Mdogo ana miaka 29. Mkubwa ana miaka 71 na anatembelea fimbo.

Mkurugenzi wangu ameshaamua kichwani mwake kwamba ikodiwe boti kubwa ya injini, wageni wapande asubuhi, washuke jioni, na muda wote wawe karibu kabisa na wanaoshindana. Mimi nina shaka. Niliwahi kualikwa mara moja kwenye shughuli ya namna hii, na ninachokumbuka ni pembetatu nyeupe huko mbali, bwana mmoja akishangilia peke yake kwa kuwa ndiye aliyeshika darubini, na sisi wengine tukiulizana kwa kunong'ona ni nani anayeongoza. Hadi leo sijui aliyeshinda.

Mashindano niliyoyaweka mezani ni matatu: Cowes Week ya Uingereza, mwanzoni mwa Agosti, Barcolana ya Trieste, Italia, Jumapili ya pili ya Oktoba, na mbio za Sydney hadi Hobart zinazoanza tarehe 26 Desemba. Naomba waliowahi kupokea wageni wanieleze ni yapi yanayomfaa mtu mgeni kabisa wa bahari, na kama boti ya kutwa nzima ni wazo la busara.

Ngamani

Dada BintiTanga, kabla ya kufikiria boti, jiulize mgeni wako ataona nini kwa macho yake mwenyewe, bila darubini. Kwa mtazamaji, mashindano haya ni ya aina mbili tu: yanayozunguka maboya mahali pamoja, na yanayoondoka.

Sydney hadi Hobart ni ya kuondoka. Ni mbio za maili 628 za baharini, zimekuwapo tangu 1945, na mwanzo wake saa saba mchana ndani ya bandari unapendeza mno, hasa ukisimama juu ya majabali ya South Head au North Head, ambako boti hupita chini yako zikiingia bahari kuu. Baada ya hapo zimekwenda. Boti yenye rekodi, ya mwaka 2017, ilitumia siku 1, saa 9 na dakika 15 kufika Hobart, kisiwani Tasmania. Sasa wewe utabaki na watu kumi na wawili, alasiri ndefu, na bahari tupu. Mbio za kuondoka nazipenda, lakini uzuri wake uko kabla ya kuanza. Kwenye Vendée Globe, ambako kila nahodha huizunguka dunia peke yake bila kusimama, boti hukaa gatini Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, kwa wiki tatu watu wakizitazama, na asubuhi ya kuondoka hutoka moja moja kupitia mfereji mwembamba huku umati umejipanga pande zote mbili. Mgeni aliyesimama pale anauona uso wa nahodha. Hilo halisahauliki, ila ni mara moja kila miaka minne.

Barcolana ni kitu kingine kabisa. Wote huanza kwa pamoja kwenye mstari mmoja, wazoefu na familia zilizopakia watoto, na mwaka 2018 waliandikishwa washiriki 2,689, idadi iliyotambuliwa na Guinness. Ukiwa juu kwenye vilima vya Carso nyuma ya mji, maji huyaoni kwa matanga. Ukiwa kwenye boti ya kukodi pale chini, utaona boti ya jirani yako, na ya jirani yake, basi.

Kwa wageni wako mimi ningechagua Cowes. Mashindano yale yana umri tangu 1826, na makundi mengi huanzia kwenye mstari unaotoka nchi kavu, mbele ya ngome ya klabu ya Royal Yacht Squadron, kundi moja baada ya jingine kwa kupishana dakika chache. Omba siku ambayo mkondo unawapinga. Karibu na ufukwe mkondo huwa hafifu, kwa hiyo manahodha hulazimika kubisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, kwa vipande vifupi vifupi, wakija hadi karibu na mawe ndipo wageuze, na mtu aliyesimama ukingoni na kikombe chake mkononi anasikia kamba zikilia kwenye mitambo ya kuzivutia, tanga likipiga kofi linapovuka, na yule mwenye usukani akidai apewe nafasi kwa sauti ambayo kanisani isingefaa. Hakuna boti ya kukodi inayoruhusiwa kukufikisha karibu kiasi hicho.

Shetri_Kavu

Naunga mkono, na naongeza ushahidi wa mwili wangu. Miaka michache iliyopita nilipokea wageni tisa kwenye mashindano ambayo sitayataja, kwa boti ya injini ya siku nzima, kama anavyotaka mkurugenzi wako. Asubuhi upepo haukuja. Waamuzi walipandisha bendera ya kuahirisha, ile ndefu ya mistari ya wima myekundu na myeupe, nasi tukakaa pale tukielea. Sijui kama watu wanaelewa kwamba boti kubwa ya injini iliyosimama hulewesha kuliko inayokwenda: haina tanga la kuituliza, na kila boti ya watazamaji inayopita huiachia mawimbi yake ya ubavuni. Kufikia saa sita mchana, wanne kati ya tisa walikuwa hoi. Mteja wetu mkubwa alikaa ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili, amekazia macho biskuti iliyokuwa mezani kana kwamba imemtukana. Nilipomwomba nahodha aturudishe, alisema nafasi yetu gatini imepewa mwingine mpaka saa kumi na moja, na hivyo ndivyo mkataba ulivyosema, kwa sahihi yangu.

Upepo ulikuja saa nane. Mbio zilikuwa nzuri sana, nasikia.

Tangu hapo sheria yangu ni saa mbili majini, si zaidi, na mkataba unaotaja wazi kwamba mwenyeji ana haki ya kurudi gatini wakati wowote, au kuwe na boti ndogo ya kupeleka na kurudisha watu. Mgeni anayejua kwamba anaweza kushuka hata haumwi.

Daktari_wa_Gati

Kuhusu kichefuchefu, kwa kuwa watu hulifikia jambo hili wakiwa wamechelewa. Dawa humezwa kabla ya kupanda. Tumbo likishaanza kuasi haisaidii sana. Kile kibandiko kinachowekwa nyuma ya sikio huhitaji kubandikwa saa kadhaa kabla, na hakimfai kila mtu: mwenye presha ya macho, na wazee wenye shida ya tezi dume, wamwone daktari wao kwanza. Katika kundi lenye mtu wa miaka 71 ningeandika jambo hilo kwenye barua ya mwaliko, kwa ustaarabu, wiki mbili mapema. Vidonge vingi vya kawaida huleta usingizi, na vikichanganywa na mvinyo wa saa nne asubuhi utakuwa na mgeni anayekoroma mbele ya wateja wengine. Anayejisikia vibaya asipelekwe chini chumbani kulala, ingawa huruma itakutuma ufanye hivyo. Akae katikati ya boti, juu, mbali na moshi wa injini, macho kwenye mstari wa bahari na mbingu. Mkiweza, mwachieni ashike usukani.

Mkia_wa_Pweza

Viatu. Soli nyeupe au isiyoacha alama, na visigino virefu marufuku, kwa sababu sitaha za mti wa msaji hutobolewa na kisigino na mwenye boti hatasahau. Kwenye boti za kale za Saint-Tropez nimeona mawaziri wakivuliwa viatu ngazini. Waambie wageni kabla hawajafunga mizigo, maana aliyekuja na jozi moja tu ataaibika mbele ya watu.

Joshi

Mimi napinga kidogo. Mnazungumza kana kwamba mgeni ni jozi ya macho tu. Njia bora ya kumfundisha mtu mashindano ni kumtia ndani ya mashindano. Barcolana hupokea watu wa kawaida. Antigua Sailing Week ya Karibiani, mwishoni mwa Aprili, ilikuwa na boti za kukodi zenye nahodha ambazo zilishindana kweli kweli. Mpe mteja kamba moja avute anapoambiwa, na jioni atakueleza mbio nzima kama aliyeziongoza yeye. Nimewahi kumwona mhasibu mpole akigombana na meza nzima kuhusu boya la tatu.

Nakubali kwamba kwa kumi na wawili, na fimbo, ni vigumu. Gawanya basi: wanne wanaotaka washindane, wanane watazame, na waliobaki nchi kavu watakuwa na boti moja ya kuishangilia, jambo ambalo kundi lako la zamani halikuwa nalo.

Ukienda SailGP, ule mfululizo wa mbio za boti za kasi, hata hivyo, usisumbuke na boti. Zile katamarani za F50, boti zenye miili miwili, hukimbia karibu na ufukwe makusudi, zikinyanyuka juu ya maji na kukaribia kilomita 100 kwa saa, na kila kitu huisha ndani ya alasiri moja. Kiti cha jukwaani ndicho bora pale. Kama wageni wako ni watu wa kutazama saa zao, lifikirie.

BintiTanga

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Cowes inaelekea kushinda. Nina maswali mawili ya ziada. Kwanza, nitawaelezaje kinachoendelea bila kuwahutubia? Pili, mzee wetu wa fimbo atapandaje boti kwa hizo saa mbili?

Ngamani

La kwanza: wafundishe dakika tano tu. Kabla ya kila mwanzo, bendera ya kundi hupanda zikiwa zimebaki dakika 5. Dakika 4, inapanda bendera ya maandalizi, mara nyingi ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Dakika 1, hiyo ya maandalizi inashuka. Sifuri, ya kundi inashuka na wameondoka. Mgeni akishajua hivyo, ule mzunguko wa boti unaoonekana kama fujo anaugundua kuwa ni vita ya kugombea mahali, na ataanza kuhesabu kwa sauti bila kuombwa. Kama wameahirisha, mwambie aitazame ile bendera ya mistari aliyoitaja Shetri_Kavu: ikishuka, kwa kawaida imebaki dakika moja kabla ya onyo, yaani bendera ya kundi kupanda, na tano baada yake, jumla sita. Mwenyeji anayewaambia watu "dakika sita" na ikawa kweli huheshimiwa siku nzima. Watahadharishe pia kuhusu mizinga ya pale ngomeni, kwa kuwa ni midogo ila mlio wake unamtoa mtu chai mkononi.

Halafu waeleze mapema kwamba anayefika kwanza si lazima ndiye mshindi. Katika makundi yanayochanganya boti za ukubwa tofauti, muda wa kila boti huzidishwa kwa kipimo chake, na ndogo inaweza kuishinda kubwa iliyofika saa nzima kabla yake. Hata Hobart, Kombe la Tattersall huenda kwa mshindi wa hesabu hiyo, wakati magazeti yanapiga picha ya aliyefika wa kwanza. Nimeshuhudia mwenyeji akimpongeza mtu wa sita.

La pili linahusu maji kujaa na kupwa. Gati zinazoelea hushuka pamoja na maji, na daraja lake, ambalo maji yakijaa huwa karibu tambarare, yakipwa huinama kama ngazi ya darini. Chukua jedwali la maji la siku hiyo, upange kupanda na kushuka kwa mzee karibu na maji kujaa, na saa zako mbili zitajipanga zenyewe. Usimwachie nahodha akuchagulie muda. Yeye hupanda daraja hilo akiwa amebeba kreti.

Shetri_Kavu

Na nahodha huyo awe ameyasoma maelekezo ya mashindano na kujua eneo lililofungwa. Asikae upande wa joshi wa washindani, yaani upepo unakotoka, kwa maana boti kubwa hukata upepo wao, na boti za doria zitakuja kumfokea mbele ya wateja wako. Kaeni demani, upande upepo unakoelekea, taratibu, injini ikinguruma kwa chini.

Vyumba, tafuta leo. Mji wa Cowes ni mdogo na uko kisiwani. Wengi hulala Southampton na kuvuka kwa boti ya abiria kwa takriban nusu saa, nawe ukifanya hivyo hakikisha unajua saa ya boti ya mwisho kabla ya kumimina glasi ya kwanza. Kisha andika kwenye mkataba kitakachotokea bahari ikikataa. Oktoba 2020 mbio za Barcolana zilifutwa kwa sababu ya hali ya hewa, na hao walikuwa na boti nyingi tayari.

BintiTanga

Nimewasilisha: Cowes, siku mbili ufukweni karibu na ngome, boti kwa saa mbili tu siku ya pili maji yakiwa juu, wanne watakaopenda wapande boti inayoshindana, na barua ya viatu na dawa itatoka pamoja na mwaliko. Mkurugenzi amesaini. Ameuliza jambo moja tu, kwamba nimhakikishie siku ya pili upepo utakuwapo. Nimemwambia nitakapompata mhusika nitamletea namba yake.