MREJESHO: Andiko la utafiti wa redio na siasa, Mbeya na Iringa

Wakuu, niliuliza namna ya kuandika andiko la kuomba nafasi ya utafiti wa habari na siasa kwenye chuo cha Uingereza. Ombi limeshatumwa, asanteni.

Ushauri wa kubana mada ndio uliobeba kila kitu. "Redio na demokrasia Tanzania" ni mada ya kumchosha msomaji. Swali sasa ni hili: vipindi vya asubuhi vya kupiga simu, kituo kimoja Mbeya na kimoja Iringa, vinampa nani nafasi ya kusema, na nani anakatwa?

Kaka wa Mafinga aliyesisitiza hesabu, hii hapa. Vituo 2, saa 2 kwa siku, siku 30: saa 120 za sauti. MP3 ya kbps 64 inakula kama MB 29 kwa saa, jumla GB 3.5 hivi, inaingia hata kwenye flashi. Kinachokula bajeti ni kunakili, yaani kusikiliza sauti na kuiandika neno kwa neno. Saa 1 ya mazungumzo huchukua saa 4 hadi 6 kuchapa, na mpiga simu akiingiza Kinyakyusa au Kihehe ndiyo zaidi. Kwa hiyo unanakili sampuli ya saa 20 tu, na unaeleza ulivyoichagua.

Vibali: kwanza kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), ndipo unaenda kwa Katibu Tawala wa kila mkoa, halafu wilayani.

Wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, hutumiwa kiungo moja kwa moja na mfumo wa maombi wa chuo, na mara nyingi kinaangukia kwenye spamu, kwa hiyo wapigie simu. Na mwisho wa kutuma ombi ukiwa 23:59 kwa saa za Uingereza wakati wa baridi ni saa 8:59 usiku kwetu. Kiangazi ni saa 7:59.