Naomba ushauri: mabinti ninaowafundisha mbio wanaachwa, na mmoja ananipa wasiwasi

Habari zenu wakuu. Ninafundisha riadha sekondari moja huku Mbulu. Nina vijana 14, wasichana 6, na wengi nimeanza nao tangu shule ya msingi. Walipokuwa na miaka 11 walikimbia bega kwa bega, na binti mmoja aliwaacha wavulana wote kwenye mlima. Sasa wavulana wamebalehe, mabinti wanaachwa zaidi ya nusu dakika kwenye mita 1500.

Najua ni maumbile. Mvulana akibalehe, moyo na misuli vinakua zaidi na damu yake inabeba oksijeni nyingi. Hata rekodi za dunia za mita 1500 zinaonyesha: kwa wanaume Hicham El Guerrouj dakika 3:26.00, kwa wanawake Faith Kipyegon 3:48.68, pengo la asilimia 11 hivi. Kwa hiyo inaniuma sana mwalimu mwenzangu anapowaita wavivu.

Ila yule binti wa mlimani ni jambo jingine. Ana miaka 15, muda wake unazidi kuwa mbaya tangu mwaka jana, pumzi inamkatika mapema, na amemwambia matroni kuwa hedhi yake ni nzito. Nahofia amepungukiwa damu. Nyumbani wanasema mazoezi ndiyo yanamchosha, wanataka aache.

Mimi ni mwanaume. Nianzeje kuzungumza na mama yake ili akapimwe damu, bila kumwaibisha mtoto? Na kwa wenye uzoefu, mabinti niwatengee kundi lao la mazoezi au waendelee kukimbia pamoja na wavulana?