Fundi kanilia hela, rivolva yangu kaniharibia

Wakuu, salaam. Niko huku Texas na leo naandika kwa hasira, mtanivumilia.

Nina Smith & Wesson 686, ile ya risasi sita za .357 Magnum. Ukiivuta triga bila kuinua nyundo kwa kidole gumba, mvuto ni mrefu na mzito, na vidole vyangu vifupi. Nikaipeleka kwa fundi anayejinadi kwamba anafupisha mvuto. Hakuna shida, akasema, lipa kabisa. Nikalipa.

Hajafupisha chochote! Triga inasafiri umbali uleule. Alichofanya ni kulegeza springi, mvuto ukawa mwepesi, akidhani sitajua tofauti ya wepesi na ufupi. Nimevua mpini nikaikuta skrubu inayokaza springi kuu, ile inayoipa nyundo nguvu, imepigwa tupa kwenye ncha, mikwaruzo bado inang'aa. Hata kuilainisha alishindwa?

Matokeo yake, uwanjani navuta, nyundo inagonga ta! kimya. Naitoa risasi, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ina kialama kidogo tu, pini haikuzama. Nikampigia. Eti ninunue risasi za kampuni ya Federal kwa sababu fataki zake ni laini, niachane na za kampuni ya CCI. We bwana! Hii ni silaha ya kulinda familia, leo inichagulie risasi kama mjamzito anayechagua chakula? Na springi ya kurudisha triga nayo kailegeza, triga inarudi kivivu. Ukiwa na haraka unavuta tena kabla haijafika mwisho, hola.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alijua. Mvuto ule mmoja unainua nyundo, unazungusha silinda yenye vyumba vya risasi sehemu moja ya sita ya duara, na silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijaanguka. Ukiukata tu bila hesabu, nyundo inaangukia karibu na haina nguvu, au silinda inakuwa haijakaa sawa na mtutu, na hapo risasi inakwanguliwa ikiingia, vipande vya madini vinaruka pembeni. Aliyesimama jirani yako atavipokea usoni. Fundi mkweli angeniambia: huu urefu una kazi yake, nikusugulie vyuma vya ndani viteleze, nikufungie mpini mwembamba kidole kifike vizuri. Ningemlipa hela ileile na kumshukuru juu.

Nimedai hela yangu, anajibu kazi ya mkono hairudishwi. Kazi ipi?

Skrubu na springi za kiwandani nimeshaagiza, hiyo silaha haendi kuigusa tena. Sasa nasikia hapa Texas mahakama ya chini inasikiliza madai hadi dola 20,000 na huhitaji wakili. Kuna mdau aliyewahi kumpeleka fundi huko? Picha za skrubu zinatosha, au nitafute fundi mwingine aniandikie ripoti kwanza?