Muuzaji wa seva anatupa keneli isiyo na BTF (taarifa zinazoeleza miundo ya data ya keneli), tufuatilie matukio kwa kubahatisha?

Wakuu, hili limenifika shingoni.

Seva zetu zinakuja na keneli ya Linux iliyojengwa na muuzaji mwenyewe, na draiva yake ya diski imo humo humo. Kazi zinakwama kwenye foleni ya draiva hiyo. Ninachotaka ni kuona matukio ya kazi zilizokwama tu, mengine yachujwe.

Kwa matukio ya kawaida ya ftrace (zana ya ndani ya Linux ya kurekodi matukio ya keneli) hiyo ni kazi nyepesi. Unasoma faili la format la tukio la ext4_unlink_enter (kufuta faili), unakuta ino (namba ya faili kwenye diski), unaandika ino == 131074 kwenye filter, umemaliza. Ila ukiacha vichache kama comm na cpu, chujio halijui chochote nje ya sehemu zilizoorodheshwa pale, na draiva ya hawa jamaa haina tukio hata moja! Inabaki kprobe, yaani kutega mtego mwenyewe ndani ya msimbo wa keneli.

Na kprobe bila BTF ni kuhesabu baiti kwa mkono. Niliweka hali=+24(%di):u32, yaani ingia baiti 24 ndani ya muundo ambao pointa yake iko kwenye rejista ya di, soma namba iliyopo, ambayo ndiyo hali ya kazi. Ilifanya kazi vizuri kabisa. Wakaja na apdeti, wakachomeka pointa moja katikati ya muundo, hali ikahamia 32. Mnadhani kuna onyo lilitoka? Wapi! Kumbukumbu ya pale inasomeka, kwa hiyo hata neno fault (kosa la kusoma) halionekani. Unapewa namba ya uongo kimya kimya. Chujio langu la hali == 3, yaani kazi iliyokwama, halikutoa kitu, na kazi zinakwama vilevile.

Nikitoa chujio, matukio yanafurika, bafa inafuta ya zamani kwanza, overrun (hesabu ya matukio yaliyofutwa) kwenye per_cpu/cpu0/stats inapanda tu. Chanzo cha tatizo kimo kwenye hayo hayo yaliyofutwa.

Nimewaandikia. Jibu: BTF inaongeza ukubwa wa keneli. Megabaiti chache, jamani, kwenye seva! Nikaomba msimbo wa keneli, maana Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, inayomtaka anayegawa keneli atoe na msimbo wake. Wakatuma wa toleo la nyuma, miundo haifanani na inayoendeshwa. Hii ni dharau kwa mteja.

Wawashe CONFIG_DEBUG_INFO_BTF, chaguo la kuweka BTF wakati wa kujenga keneli. Hawataki? Basi watupe vmlinux (faili la keneli lisilobanwa) yenye taarifa za DWARF, yaani za utatuzi, inayolingana na keneli tuliyo nayo, zana ya pahole itatoa miundo yote. Mdau aliyewahi kuwabana wauzaji wa namna hii wakakubali, aniambie alipitia wapi.