Kihariri chepesi cha maandishi kwa tovuti ya madalali wa nyumba: niweke kipi?

kijana_wa_majengo

Assalaam alaykum wakuu. Nina tovuti ndogo naijenga kwa PHP na MySQL, ya madalali wa nyumba za kupanga hapa Mombasa: Kisauni, Bamburi, Changamwe, Likoni. Dalali anaingia, anaweka picha, bei na maelezo. Kwa sasa maelezo ni textarea tupu (kisanduku cha kuandikia kisicho na vitufe), na wamenichosha. Kila mmoja ataka "MAJI MATAMU" iwe kwa herufi nzito ionekane kutoka mbali (mnajua wenyewe nyumba ya maji ya chumvi ilivyo ngumu kupata mpangaji), kisha vitu vilivyomo vipangwe kwa vidoti.

Nilijaribu TinyMCE, kihariri chenye vitufe vyote. Kwenye laptopu yapendeza, lakini watu wangu wote wako kwenye simu za bei rahisi na bando la kubahatisha, wengine wanaandika tangazo huku wakingoja feri. Nataka herufi nzito, orodha na linki, basi. Rangi sitaki hata kuisikia, nawajua hawa. Nimeona pell, Quill na Trix. Nani amezitumia?

fundi_wa_kizingo

Wa alaykum salaam. pell ni ndogo kweli, kama kilobaiti 1 hivi ikibanwa. Lakini udogo wenyewe unatokana na kuiachia kivinjari kazi yote kupitia execCommand, na amri hiyo imeshatangazwa kuwa ya kuachwa. Leo inafanya kazi, ila mimi nisingeijengea kitu kipya.

Quill ni nzuri, ila ichunge kwenye picha. Usipoibadilisha, picha huingia ndani ya maandishi yenyewe kwa base64 (picha iliyogeuzwa kuwa herufi), ambayo huongeza ukubwa wa faili kwa thuluthi moja. Safu ya TEXT ya MySQL hubeba baiti 65,535. Picha moja ya sebule iliyopigwa kwa simu inaifurisha.

Ningekuwa wewe ningeweka Trix. Mafaili mawili, input iliyofichwa, na kipengele cha trix-editor kinachoelekezwa kwenye input hiyo. Fomu ikitumwa, HTML inakufikia kwenye $_POST kama uga mwingine wowote. Imetoka kwa watu wa Basecamp, na Rails (fremu ya kujengea tovuti kwa Ruby) wanaitumia ndani ya Action Text, sehemu yake ya kuandikia, tangu 2019. Picha zikatae kwa preventDefault kwenye tukio la trix-file-accept. Haina jedwali, ila dalali jedwali la nini?

bimwana_tudor

Mdogo wangu, kabla hujapakua chochote: hao madalali maandishi wanayatoa wapi? WhatsApp. Tangazo limeshazunguka magrupu yote kabla halijafika kwako, nalo lina nyota zake za herufi nzito tayari: \*MAJI MATAMU\*, \*Diposti mwezi mmoja\*. Hata ukiwawekea kihariri cha dhahabu, watabandika vilevile na nyota zao, kisha wakupigie simu mbona hazijageuka.

Waachie textarea yao. Wakati wa kuonyesha fanya hivi:

```
$t = htmlspecialchars($tangazo['maelezo']);
$t = preg_replace('/\*([^*\n]+)\*/u', '<strong>$1</strong>', $t);
echo nl2br($t);
```

Mfuatano huo usiupindue. htmlspecialchars ikitangulia, mtu akileta script yake itaonekana kama maandishi tu, haitafanya kazi. Vidoti wanavyo, si wanaweka ile emoji ya tiki kila mstari? Ila kwa emoji nyingine hakikisha hifadhidata ni utf8mb4. Ile "utf8" ya zamani ya MySQL inaishia baiti 3 kwa herufi: tiki inatosha humo, lakini emoji nyingi zinataka 4.

JavaScript hapo ni sufuri. Wa kwenye feri hapakui kitu.

mtwapa_plots

Dada, hiyo yakuja kunivunjia mimi. Sisi wa viwanja twaandika "50\*100 na 40\*80". Kwa msimbo wako kipande cha katikati, "100 na 40", chageuka herufi nzito na nyota zapotea!

bimwana_tudor

Ahsante yakhe, umeniwahi. Basi nyota isikubaliwe ikiwa imegusana na herufi au tarakimu kwa nje:

```
'/(?<!\w)\*([^*\n]+)\*(?!\w)/u'
```

Viwanja vyako vitabaki salama.

fundi_wa_kizingo

Nakubali kwa madalali. Lakini wapo mawakala wenye ofisi, karani ana kompyuta, na maelezo yako kwenye Word. Huyo ataomba vitufe tu. Siku ukimwekea Trix, HTML yake isafishe kwenye seva kwa HTML Purifier, maktaba ya PHP ya kazi hiyo. Usidanganyike na strip_tags yenye orodha ya tagi zinazoruhusiwa: tagi inaiacha pamoja na sifa zake zote, kwa hivyo onclick (msimbo unaofanya kazi mtu akibofya) inapita bila kuulizwa. Na kusafisha kwenye kivinjari peke yake hakukulindi, kwani fomu yaweza kutumwa bila kupitia ukurasa wako.

kijana_wa_majengo

Shukran nyote. Nimebandika matangazo ya kweli kutoka grupu la Kisauni, nyota zote zimekubali. Linki nimeipa uga wake, maana wanayoitaka ni ya ramani tu. Wenye ofisi nitawafikiria wakishaanza kulipia.

Dada Bimwana, kuna dalali mmoja anaweka nyota mbilimbili, \*\*hivi\*\*, na kwangu inabaki nyota moja kila upande. Nizifute za ziada au nimwache hivyo hivyo?

bimwana_tudor

Andika \*+ badala ya \* pande zote mbili. Huyo hatabadilika.