Mwaka mmoja wa uzamili umebaki: vibarua vya mjini, programu huria au tasnifu?

Mwanagenzi wa Tengeru
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninasoma shahada ya uzamili katika Taasisi ya Nelson Mandela, na nimebakiza mwaka mmoja ambao karibu wote ni wa tasnifu. Nikihitimu nataka kuwa msanidi programu, si mhadhiri. Je, nitengeneze mifumo midogo kwa kampuni za utalii za Arusha, nichangie programu huria (ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuboresha) kama DHIS2, mfumo wa takwimu unaotumiwa na sekta yetu ya afya, au nitulie na tasnifu kwanza? Nina jioni tatu tu kwa wiki.

Kibodi wa Njiro
Dada, mimi nilipita njia ya kwanza. Nilitengeneza fomu ya kuhifadhi safari, mgeni kutoka Marekani akajaza tarehe ya kufika 04/07 kwa desturi ya kwao ya kutanguliza mwezi, yaani Aprili 7, na mfumo wangu ukaisoma kuwa Julai 4. Mgeni akatua uwanja wa ndege wa KIA, gari hakuna. Usiku ule ndipo nilipojua kwa nini tarehe huhifadhiwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kwa nini mtumiaji apewe kalenda ya kubofya badala ya kuachiwa aandike mwenyewe. Darasani jambo hilo lilikuwa mstari mmoja kwenye slaidi. Ubaya wake ni kwamba mteja haoni msimbo (maagizo ya programu uliyoyaandika), anaona rangi. Utabadilisha nembo mara saba, na hapatatokea mtu wa kukukosoa namna unavyoandika.

Mama Msimbo, Moshi
Ndiyo maana mimi nasema programu huria, mdogo wangu. Badiliko langu la kwanza lilikuwa na mistari 11, nalo lilirudishwa na wasimamizi wa mradi mara tatu: mara halina jaribio la kuthibitisha kuwa linafanya kazi, mara jina nililoipa funksheni halieleweki, mara maelezo hayatoshi. Nilinuna siku nzima, lakini tangu hapo sijaandika msimbo kizembe. Ila DHIS2, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, upande wake wa seva umeandikwa kwa Java, hivyo kama unaijua Python peke yake, jioni zako zitaishia kujifunza lugha kabla hujarekebisha lolote. Na mradi mkubwa upakulie chuoni, usije ukamaliza bando.

Msaili
Mimi huketi upande wa pili wa meza, na ninaona mnampa dada kazi mpya wakati nyingine, yaani tasnifu, anayo mkononi. Waombaji wengi wenye uzamili huniletea programu inayofanya kazi kwenye kompyuta zao pekee. Weka msimbo wa tasnifu kwenye Git (mfumo wa kutunza kila badiliko la msimbo) tangu leo, uandikie majaribio, kisha mpe mwenzako aufungue kwenye kompyuta yake kwa kufuata maandishi yako, nawe usiseme neno. Ukiwa na taarifa za wagonjwa, zungumza na msimamizi wako mapema, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu: msimbo unaweza kuwa wazi, taarifa hizo hapana.

Kibodi wa Njiro
Hapo sina ubishi, ingawa tasnifu haitamfundisha kuzungumza na mteja mwenye hasira.

Mwanagenzi wa Tengeru
Asanteni sana. Jana jioni nilimpa mwenzangu wa chumba ajaribu, akakwama hatua ya pili: faili lenye mipangilio ya hifadhidata lipo kwenye kompyuta yangu tu, na sikulitaja popote. Nimeanza kuandika maelezo upya.